Rasimu ya Saba

Kwa wahadhiri wote na wafanyakazi wote, salamu.
Hapo ndipo ninapoanzia kila mwezi wa Mei,
na kila Mei neno hilo, "wote," hunitazama
kama mtoto anayejua umeficha peremende.

Nje, theluji ya mwisho imejikunja nyuma ya bohari,
nyeusi kwa moshi wa magari, haitaki kuondoka.
Ziwa limefunguka juzi. Bata bukini wamerudi,
wanachafua njia ya maktaba bila kibali cha ofisi yoyote.

Alama za wanafunzi: Jumatatu, saa sita adhuhuri.
Si saa sita na nusu, Dakta Fitzgibbon. Tunajuana.
Maegesho ya kaskazini yatafungwa, yanatiwa lami.
Wenye stika za buluu watumie uwanja wa hoki;
wenye za manjano, Mungu awasaidie.
Mkuu wa kitivo ameukata mstari huo.
Nimeurudisha. Ameukata tena.

Barua pepe zinahamia mtambo mpya usiku wa tarehe ishirini na mbili.
Kitakachobaki nyuma kitapotea.
Nimeandika hivyo, kisha nikainua mikono kwenye kibodi
kama niliyegusa sufuria.

Friji la ghorofa ya pili litasafishwa Ijumaa.
Chochote kisicho na jina kitatupwa.
Kuna bakuli la samaki wa moshi, lina jina,
herufi zimelala upande mmoja kama nyasi baada ya upepo:
HAKALA.
Tangu Februari.
Pao Vang, anayelisafisha jengo letu, amelipita
Ijumaa kumi na tatu, kitambaa mkononi.
"Lina jina," aliniambia. "Sheria ni sheria."

Funguo zirudishwe dirisha la tatu kabla ya saa kumi jioni.
Jana alikuja Lempi, mjane wake,
koti la sufu begani na jua limewaka,
akaweka kaunta kishada cha funguo na jiwe la kijivu.
Chumba 214. Stoo ya sampuli.
Na mmoja mdogo, ambao hakuna daftari linaloujua.
"Huu wa nini?" nikauliza, maana fomu ina kisanduku chake.
"Sijui," akasema. "Miaka thelathini na moja
nilidhani ni wa hapa kwenu."
Nikasimama na kalamu. Nikaandika: mengineyo.
Jiwe halikuwa na kisanduku. Akalirudisha mfukoni.

Mlangoni akageuka: je, anadaiwa faini ya maegesho,
ile siku gari lililala uwanjani
kwa sababu mwenyewe aliondoka kwa ambulensi?
Nikamwambia hakuna faini.
Ilikuwapo. Dola arobaini. Nimeilipa;
asiambiwe mtu wa uhasibu.

Sasa mstari huu umenishinda tangu asubuhi.
Rasimu ya pili: "Chumba 214 kiko wazi."
Ya nne: "kimeachwa."
Ya sita: "kinapatikana kuanzia muhula wa kiangazi."
Lugha ya ofisi ina maneno mengi ya chumba.
Nimeandika: "Chumba 214 kilikuwa cha Toivo Hakala.
Mhadhiri mpya ataingia Juni. Apokewe vizuri."
Mkuu wa kitivo ameusoma mara mbili, miwani usoni,
miwani mkononi. Hakuukata.

Nimetuma. Kwa wote.
Na kabla kiti hakijapoa, kama kila mara
tangu Februari, jibu la kwanza limeingia,
lile alilotega mwenyewe kabla ya safari yake ya mwisho
kwenye miamba ya ufukweni, akasahau kulitegua:

"Niko nje na wanafunzi, tunatazama mawe.
Huku hakuna mtandao. Nitajibu nikirudi."

Tarehe ishirini na mbili ni Alhamisi.
Nimelichapa. Printa imelalamikia wino,
nikaipiga ubavuni, ikatoa.

Pao, lile bakuli liache.
Nitaliosha mimi.