Wati Tisa

Tokeni ya mia mbili, Jumatatu hadi Alhamisi.
Ijumaa mita ikalia kama kifaranga aliyeachwa,
nami nina kofia ya bwana harusi, vito mia nne bado,
na harusi ni Jumapili ya pili.

Kijana wa duka la Langoni aliniuzia globu nyeupe.
"Hii hainywi umeme, bibi, yalamba tu."
Kweli, ililamba.
Ililamba na rangi ya mkeka, na wekundu wa hina yangu,
ikanivika uso wa maiti kwenye kioo.
Chini yake nilidarizi kwa uzi wa krimu
nikidhani ni mweupe.
Asubuhi, uani, jua likanisuta:
safu mbili nzima za kufumua.

Nikamwita Famau, mwana wa dada yangu,
atandikaye nyaya hospitali.
Hakupanda ngazi. Alikaa mkekani, pale nikaapo,
akatazama juu, kisha akatazama mikono yangu.
"Khala Mwanashee, wammulikia nani huko darini?
Boriti hazishoni."

Sikumjibu. Miaka thelathini nimewawashia buibui.

Akaishusha taa, akaifunga ukingoni mwa kidaka,
upande wa kushoto, ili kivuli cha mkono
kisilalie sindano.
Globu nyingine: wati tisa, mwanga wa samli.
Nikaweka nyuzi mbili pajani,
kila mmoja ukajitaja jina.

Ukuta tukaupaka chokaa iliyobaki kwa jirani;
ukuta wenye masizi, asema Famau, hula mwanga
kama mgeni aliyeipita siku ya tatu.
Dari tuliiachia giza lake.

Na taa ya ukumbini? Nazima nikitoka.
Mkaza mwanangu adhani ni ubahili.
Na adhani. Yeye hajapitisha uzi tunduni
saa nne ya usiku, kwa macho ya miaka sitini na miwili.

Jumapili bwana harusi alipita mtaani, kofia kichwani,
vito vyote vimekaa,
na mita yangu ilikuwa bado ina namba za kusoma.

Ila ukimsogelea, nyuma ya sikio la kulia,
kuna kito kimoja cha krimu sikukifumua.
Nilichoka.
Hicho ni cha globu ya Langoni.