Uraka Hausafiri

Kazi yangu ni mizani. Oktoba ikiingia
napakia mawe ya kupimia kwenye tenga la pikipiki,
la kilo ishirini, la kumi, la tano,
na lile dogo la shaba ninalolilaza ndani ya soksi.
Mchana nazunguka maghala ya korosho:
nafungua, nasafisha, narekebisha, nagonga muhuri.
Jioni nina swali moja, mji wowote nitakaoingia:
"Uraka wa nani mwaka huu?"
Hawaniulizi kwa nini. Wananyoosha kidole.

Masasi, nyuma ya jabali, kwa Abiti Chitenje:
mtamu bado, mtoto bado,
unachezea ulimi kama mwanafunzi aliyetoroka namba.

Nachingwea mkali. Mabenchi yao ni vipande vya reli
ya treni ya karanga iliyoondoka isirudi.
Watu wamekalia safari, wanakunywa.

Ruangwa niliuziwa uliotiwa maji.
Nilijua. Muuzaji alijua kuwa nimejua.
Tukaongelea mpira.

Lindi mjini nilipewa bia ya chupa, baridi,
ile ile ya Dodoma, ile ile ya Mbeya.
Niliimaliza. Siikumbuki.

Na Mtwara, Shangani, kijana Nasri Nangomwa
amefungua chumba chenye mapipa ya chuma yanayong'aa,
ukutani bibo limechorwa likiwa na miwani.
Anakuletea bilauri nne ndogo juu ya ubao:
wa tangawizi, wa ukwaju, wa mchaichai,
wa nne hakuutaja, akanitazama nikimeza.
Ameuzuia usichache miezi mitatu!
Nilimpongeza, kwa dhati kabisa.
Ila ulikaa kinywani mwangu
kama mgeni aliyevua viatu akabaki na soksi.

Maana uraka hausafiri.
Ukamuliwe alfajiri, unywewe jioni;
kesho umechacha, keshokutwa uko mtamboni unageuka nipa.
Huwezi kumbebea mkeo.
Anayeutaka, aende.

Basi nikapanda Newala, kwa Somoe Likwata,
ambako upepo wa ukingoni unakuvua kofia kabla ya salamu.
Kopo lake ni la mafuta ya kupikia,
kitako kimebonyea ndani.
Jicho langu halina likizo: nililiona msimu wa kwanza.
Kwenye korosho watu wanakamatwa kwa kangomba,
na mimi, muhuri mfukoni, misimu saba
nimelipia lita nikinywa pungufu,
nikafuta mdomo, nikasema ongeza.

Mwaka huu akaniita mbele ya watu:
"Fundi, nipimie kopo. Vijana wanasema nawaibia."
Benchi zima likanyamaza.
Nikaomba maji ya kupimia.
"Maji? Ndoo hapa unajua bei yake? Pima kwa uraka."

Nikaning'iniza. Mshale ukatikisika, ukatulia.
Nikausoma. Nikausoma tena, si kwa shaka,
bali nikitafuta uongo mzuri. Sikuupata.
"Limepungua."
"Kiasi gani?"
"Kidole."

Akamimina uraka kwenye bakuli langu,
akaliweka kopo gotini, akaingiza ngumi,
akapiga kitako kutoka ndani. Mara moja. Mara ya pili.
Bati likalia, likatokeza nje kama kitovu cha mtoto.
"Na sasa?"
Sasa lilizidi. Sikulipima.
"Kunywa," akasema, "la misimu saba sitalimaliza leo.
Na wewe ulivyokuwa unalitazama,
nilijua tu utachoka."

Asubuhi nikawasha pikipiki, Tandahimba ghala linaningoja.
Mawe yote yapo. Kichwa nusu.
Kifuani mwa shati, doa jipya la mabibo
kando ya la Masasi, chini ya la Nachingwea.
Hayatoki, hata kwa jiki.
Mke wangu hulitandika shati kitandani,
huyasoma moja moja kama tiketi,
na kwenye hili, najua, atauliza jina.