Bawaba

Mwezi wa saba, Mwanjelwa, saa mbili asubuhi,
mvuke unatoka vinywani kana kwamba kila mtu anapika.
Anyosisye ametandika turubai la bluu juu ya meza:
koleo, misumari ya bati, kufuli, tochi,
na visu viwili vya kukunja, kavitenga na vingine
kama wageni wa heshima.

"Hivi ni vya kazi, dada. Si vya kumenyea chungwa."

Cha kwanza cheusi, kinajaa kiganja,
bapa lake nene kama ulimi wa ng'ombe.
Dole gumba likigusa tu, ka! kiko wazi.
Elfu thelathini na tano.
Cha pili kina mpini wa mpingo,
au wa mti mwingine uliopakwa rangi uitwe mpingo,
sijui, na Anyosisye naye hajui,
ila anaapa.
Kigumu kufungua. Ukucha wangu ulilia.
Elfu thelathini na nane, na hapunguzi hata mia.

Nikazipitia kazi zangu:
mipira ya maji ya inchi moja,
kamba za katani, mianzi ya kivuli cha kitalu,
mifuko ya mbolea iliyoshonwa kwa hasira,
halafu, kwa mkono uleule, kisu kilekile,
nichonge kikonyo cha parachichi mfano wa kabari,
chembamba hadi mwanga upite,
nikifungishe ndoa na mche wa kienyeji,
nizungushe utepe, nisubiri siku ishirini na moja
kama mama mkwe.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Mimi nyama naila Krismasi.
Kisu changu kazi yake ni kuoza miti:
kikiwa safi, kwa maana ya harusi,
kikiwa kichafu, kwa maana ile nyingine.

Cha zamani kilinifunga kidole mwezi wa tano.
Hakuna aliyekichokoza. Nilibana mwanzi, nikakandamiza,
bawaba ikasahau zamu yake.
Damu ikachanganyika na mvua ya Tukuyu
ambayo haijawahi kumsubiri mtu apone.
Tumpe akanifunga kwa utepe wa miche,
akacheka: "Shangazi, utachipua."

Kwa hiyo makali sikuyaangalia.
Makali nitayapata kwenye jiwe, nyumbani.
Nilivifungua vyote viwili,
nikavigeuza, nikavigonga mgongo kwenye ukingo wa meza.
Anyosisye akashika kichwa. "Dada, hujalipa!"
Ndiyo maana nagonga.

Cheusi: pigo la kwanza kimya, la pili kimya,
la tatu kikajikunja taratibu,
kwa adabu, kama mtu anayeaga.
Cha mpingo kiligoma.
Niligonga mpaka muuza vitunguu wa pembeni
akauliza kama tunadaiana.
Kiligoma.

Nakiri, moyo ulikuwa kwa cheusi.
Nilishajiona nakifyatua mbele ya Gwamaka,
yeye na panga lake la kuazima,
akinyamaza walau mara moja.
Na hiki kingine nitakifunguaje
alfajiri, miche imelowa umande,
vidole vimekufa ganzi?
Swali hilo sikulijibu. Nilitoa pesa.
Thelathini na saba na nusu: ile nusu
alinipunguzia kwa ajili ya kelele, ili niondoke.
"Ndaga," nikamwambia.
Hakuitikia. Alikuwa anakifungua cheusi,
anakifunga, anakifungua,
anakitazama kama mtoto aliyemwaibisha ugenini.

Wiki ya kwanza nilikifungua kwa meno.
Wiki ya pili kwa ncha ya msumari.
Kidole cha mwezi wa tano bado hakipindi vizuri,
kinabaki kimenyooka nikishika kikombe,
watu wanadhani naringa.

Sasa nafuga ukucha wa gumba la kulia.
Huo mmoja tu.
Tumpe anauita ufunguo.