Ukuta Wenye Mimba

Mwaka wa kwanza nilimwuliza mama mkwe
kwa nini anaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
kama mkunga apimaye tumbo.
"Una mimba huu," akasema Zelmira. "Tazama ulivyovimba.
Utajifungua kwa mvua ya Novemba,
na utakachokizaa ni shamba letu, likiteremka baharini."

Mimi ni mtu wa tambarare. Nimekulia Vercelli,
kwenye majaruba ya mpunga, ambako maji yakitulia
unaiona mbingu ukiwa umeinama.
Huku juu ya Riomaggiore hakuna kutulia:
vidato mia tatu na arobaini toka mlangoni hadi mzabibu wa kwanza,
nimevihesabu kwa magoti, si kwa kichwa.
Kila kipande cha shamba kimeshikwa na ukuta,
kila ukuta ni mawe yaliyopangwa makavu,
bila chokaa, bila saruji, bila hata tope,
jiwe limeliegemea lenzake
kama ndugu wasiosalimiana.

Zelmira akishika bilauri hana haya.
Vermentino ya Luni? "Kule trekta huingia. Divai ya watu waliokaa kitako."
Pigato ya Albenga? Anainusa, ananyamaza, anainusa tena.
"Ina pichi. Pichi na chumvi kidogo. Sina neno."
Rossese ya Dolceacqua, nyekundu, ya karibu na mpaka wa Wafaransa,
aliinywa mara moja tu, harusini kwa dada yake Ormisda,
na hadi leo akiitaja hushusha sauti,
kana kwamba marehemu mumewe anasikiliza.

Yetu hukaushiwa darini.
Septemba tunakata vichala, Bosco nyingi, Albarola kidogo,
kitoroli cha reli moja kinavishusha kikikohoa,
tunavilaza juu ya nyavu, madirisha wazi,
tukivigeuza kama mgonjwa asiyejiweza
hadi ngozi zijikunje.
Kisha mezani, punje kwa punje, kwa vidole:
hii nzuri, hii imeoza, hii wape nyigu.
Zabibu kilo mia huingia,
divai hutoka lita ishirini na tano, thelathini ukiomba sana.
Tamu, rangi ya kaharabu. Chupa chache tunauza.
Zilizobaki hukaa kabatini zikimngoja mzazi,
mgonjwa, bwana harusi,
na padri ajaye kusoma sala za mwisho,
ambaye humiminiwa kidogo, asije akazoea.

Novemba ile ukuta ulijifungua.
Saa tisa usiku. Sikusikia kishindo, nilisikia
kitu kama pumzi ndefu ya ng'ombe.
Asubuhi mizabibu kumi na minne ilining'inia kwa mizizi,
na jiwe moja lilikuwa limeketi peke yake
kwenye jukwaa la stesheni, kama abiria.
Mume wangu Ampelio akasema tuuze.
Yuko mtu wa Milano, ameshaandika barua,
anataka mahali pa kuitazamia bahari.

Zelmira hakumjibu. Aliingia stoo
akatoka na nyundo mbili. Miaka sabini na tisa.
Jiwe kubwa chini, akanionyesha, uso nje, mkia ndani,
kokoto nyuma yake maji yapate pa kupita.
"Maji hayazuiwi. Huonyeshwa mlango."

Jioni hiyo alifungua kabati.
"Nani amejifungua?" nikauliza.
"Si ukuta?" akasema, akanimiminia mimi kwanza.

Hadi Krismasi tumesimamisha mita nne.
Ampelio hubeba mawe Jumamosi,
barua bado imo mfukoni mwa koti lake, naiona kona.
Jana niliweka jiwe vibaya, mkia nje.
Nilidhani hakuona. Alipita, akaligonga kwa kidole,
akatega sikio.
Nikanyoosha mkono kuling'oa.
"Liache," akasema. "Hilo litavimba baada ya miaka thelathini.
Mimi sitakuwepo.
Wewe utalijua, maana ni la kwako."