Diski Namba Saba

Kaka Anyosisye aliandika namba kwa rangi ya kucha ya mkewe,
nyekundu, juu ya kila diski: moja hadi kumi na nne.
Hakuandika kilichomo. Kilichomo alikijua yeye,
na yeye tulimzika Agosti, Kyimo, ndani ya ukungu.
Ameniachia studio, deni la wino wa printa,
na kompyuta inayopiga chafya kila ikiwashwa.

Ndipo nikapata ile programu.
Haifungui kitu, haipambi kitu.
Unachomeka diski, inapita nyumba kwa nyumba
kama karani wa sensa mwenye koti la mvua:
jina nani, umezaliwa lini, uzito gani,
unaishi kabrasha lipi, ndani ya kabrasha lipi.
Ikimaliza, unachomoa diski, unairudisha sandukuni,
nayo majina imeyashika.

Wiki tatu nilikaa na majina ya kaka.
Kipaimara_Lutengano.
Harusi_Gwamaka. Harusi_Gwamaka_mpya.
Harusi_Gwamaka_mwisho. Harusi_Gwamaka_mwisho_kweli.
Harusi_Gwamaka_USIFUTE_hajalipa.
Nilicheka peke yangu mpaka muuza parachichi
akavuka barabara kuuliza kuna nini.
Kabrasha moja liliitwa Mengineyo,
zito kuliko yote, ndivyo mengineyo yalivyo.
Humo, picha elfu mbili za mgomba.
Mkungu ule ule, kila asubuhi, hadi siku ulipokatwa.
Sijui alikuwa anangoja nini.

Diski ya saba iliingia orodhani Jumanne.
Alhamisi mvua ya Tukuyu, ambayo haiji, huwa ipo tu,
ikapata tundu kwenye bati, juu ya sanduku.
Nikaifukia diski kwenye mchele siku nne.
Mchele tukaupika. Diski haikuamka.

Halafu akaja Bibi Subilaga, kutoka Ikuti,
mfuko wa mbolea kichwani badala ya mwavuli.
Anataka sherehe ya kumuaga binti yake Tumpe,
pale mzee aliposimama kuongea.
"Mwenyewe hayupo. Nataka ile sauti tu."

Nikaandika: Tumpe. Haikupita nukta.
Kumuaga_Tumpe_baba_anaongea.
Dakika nne, sekunde kumi na moja.
Diski namba saba.
Tafadhali chomeka diski namba saba.

"Ipo?"
"Jina lipo, bibi. Na urefu wake. Na siku yenyewe."
Nikampa diski, punje ya mchele ingali kwenye tundu la waya.
Aliigeuza kama mtu anayekagua kwato.
Hakulia. Aliuliza kama pale kwenye kioo
pana nafasi ya mtu kuandika.

Pana. Chini kabisa, kisanduku cha maelezo,
sikuwa nimekigusa hata mara moja.
Akavuta stuli. Andika, akasema:
alianza kwa kukohoa. Akasahau jina la mkwe.
Watu wakacheka, naye akacheka, akasema
huyu alizaliwa mwaka chai ilipokosa bei,
nesi nikamlipa jogoo,
sasa wakwe msije mkanirudishia jogoo.
Kisha akanyamaza. Andika hapo kwamba alinyamaza.
"Kwa muda gani?"
Akafumba macho, vidole vikihesabu juu ya goti.
"Mrefu. Kaka yako hakuzima kamera."
Kisha mzee alisema neno moja kwa Kinyakyusa.
Nililiandika. Akanifutisha.

Aliacha mia tano mezani, nikakataa, akaiacha.

Sasa ukitafuta neno jogoo
kwenye mashine ya kaka, kati ya faili elfu arobaini na moja,
linakuja moja tu,
la diski isiyowaka.