Mshale Mdogo

Chini ya ardhi, Gliwice, saa tisa za usiku,
mashine yavuta, yaachia,
yavuta, yaachia
kipande cha chuma chembamba kuliko kidole cha Bogna.
Mizunguko milioni tisa na laki saba.
Chuma nacho huchoka, huwaambia wanafunzi,
ila hakina pa kusemea:
huanza na ufa usiozidi unywele,
kisha siku moja, pa!

Kwenye kompyuta, barua ya thelathini na saba.
Delft, nafasi moja, waombaji mia mbili.
Eleza maono yako ya utafiti kwa kurasa tatu.
Maono! Yeye anaona theluji kidirishani,
chai iliyopoa,
mkataba unaokwisha Machi.

Kule Luleå mzee mwenye tai ya kijani
hakuuliza habari za ufa.
Aliuliza: utatuletea fedha kiasi gani?

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Bogna ana miaka arobaini na mmoja
na bado wamkunja.

Alfajiri kihesabio chafika milioni kumi,
mashine yajizima.
Kipande ki kizima, kina uvuguvugu kiganjani.
Kwenye grafu vilivyokatika hupewa nukta tupu.
Hiki hupewa nukta na mshale mdogo unaoelekea kulia,
maana yake: tuliosimamisha ni sisi,
chenyewe kilikuwa bado.

Anauchora, polepole, kwa rula.
Halafu anarudi kwenye ukurasa wa tatu.