Siku Mbili, Bati Moja

Neno la Kiarabu nililolijua ni moja: shughuli.
Kwetu Konde shughuli ni pilau na turubali uani,
kwao ni kazi.
Nikapita nalo banda kwa banda, barabara ya Dahariz,
Julai, ukungu umekaa mabegani mwa minazi.
Fi shughuli? Shughuli fi?
Walinicheka. Hoteli niliyoahidiwa na wakala
ina wapishi wake, na wapishi wana binamu.

Banda la kumi na moja, Musallam bin Bakhit
hakucheka. Alinitupia dafu na panga.
Mapigo matatu, sikumwaga tone.
Akanionesha mnazi. Nikavua viatu.
Kule juu hamna cha kuona, weupe mtupu,
na chini sauti ya mtu akihesabu yanavyoanguka:
kumi na nne, kumi na tano.
Tukaelewana. Riali tano kwa siku, chai yake,
kulala katoni za ndizi nyuma ya banda
pamoja na Rofikul wa Silheti, akoromaye kwa Kibengali.

Mie si mgeni wa misimu. Nimekulia kwenye karafuu,
nimelipwa kwa pishi,
namjua tajiri anayekujua Agosti, akakusahau Disemba.
Lakini sijapata kuona watu wanaolipa ili walowe.
Wanatoka Riyadh, Kuwait, Al Ain, kutwa nzima jangwani,
wakifika wanashusha vioo, wanatoa mikono nje.
Manyunyu yenyewe hata sauti hayana,
kwetu yasingemtoa kuku uwanjani.
Baba mzima, kanzu imemganda mapajani,
anampiga picha mwanawe akitota.

Nami nachonga, nachomeka mrija,
natia baiza mia tano koponi,
nikiwaza mabeseni matatu ya mama
na lile la nne, dogo, juu ya kitanda,
analolala kajikunja kulikwepa kila masika.
Paa lake makuti, na makuti yamechoka.
Nikapiga hesabu kwa mkaa kwenye katoni:
siku mbili, bati moja.
Mvua ya huku inalipia kuizuia mvua ya kule.
Rofikul alicheka mpaka akakohoa;
kwao mvua huchukua nyumba pamoja na paa lake.

Pasi yangu ilisema mtalii.
Wakaguzi walipopita nilihamia upande wa wateja,
nikanywa dafu nililolichonga mwenyewe,
nikaushangaa ukungu kama wao.

Siku ya bati la kumi na saba alisimama bibi wa Maskati,
miwani imefifia kwa unyevu,
akasema kwa Kiswahili cha Wete, cha zamani, kilichonyooka:
"Hilo limekomaa, mwanangu. Mie nataka la kukomba."
Moyo ukanipaa. Leo napata bakshishi.
Akashusha bei kwa baiza mia mbili,
akamwombea dua mama yangu,
akaondoka na kifuu pia.

Katikati ya Septemba jua likatokea
kama mdai.
Vilima vikaanza kupauka kuanzia kisogoni,
magari yakageuza pua kaskazini, vioo juu.
Musallam akafunika banda, akanilipa kwa noti zinazonuka ndizi.
Mwakani, akasema, inshallah.
Namba yangu ya simu hakuiuliza.
Rofikul ana habari: Aprili, Jabal Akhdar,
wanatafuta watu wa kuchuma waridi alfajiri.
Nimeandika kiganjani, jasho limeshafuta nusu.

Mama akapiga jana. Fundi kamaliza, bati ishirini na sita,
misumari imebaki. Na mvua imepiga, ya kupitia tu.
Nikangoja shukrani.
"Faki, silali! Kelele! Kama watu wanamwaga kunde juu ya kichwa changu.
Makuti yalikuwa yakivuja, lakini yakivuja kwa adabu."
Nikamwambia, inua simu juu, mama, nisikie.
Akainua.
Nikasikia jogoo. Nikasikia redio ya Bi Mize, jirani.
Mvua ilikwisha pita.